Kifaa Kifuani, Sauti Kooni

"Ameshawekewa mashine, sasa si amepona?" Swali hili nimeulizwa na akina mama, wachungaji, mashemeji, na hata mfamasia mmoja ambaye jibu alipaswa kulijua. Jibu ni hapana. Kifaa cha kuchochea neva ya vagasi hakiponyi kifafa. Kinapunguza mashambulizi, na kwa wanaonufaika kinayapunguza taratibu, kwa miezi na miaka, huku dawa zikiendelea kumezwa kila siku. Familia nyingi za Waswahili nilizozihudumia katika kliniki ya kifafa nchini Marekani zilirudi nyumbani na mtoto mwenye kifaa kifuani, zikaacha vidonge wiki hiyo hiyo, na kabla ya mwezi kwisha mtoto alikuwa chumba cha dharura. Ndiyo maana ya sura hii. Nitaeleza nani anawekewa, kifaa kinafanyaje kazi, kisha maisha yanavyokuwa baadaye.

Anayewekewa ni yule ambaye dawa zimemshinda. Mwaka 2010 wataalamu wa kifafa duniani walikubaliana kwamba kifafa ni sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zinaposhindwa kuyazuia mashambulizi. Maneno "kumezwa ipasavyo" yasomwe mara mbili. Kijana aliyekunywa fenobabitali wiki tatu, akaachishwa ili apelekwe kwa mganga, akarudishwa hospitali baada ya kuungua mguu katika mafiga, huyo hana kifafa sugu. Ana kifafa ambacho hakijawahi kutibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila mashambulizi wangepata uchunguzi na dawa sahihi. Katika nchi maskini robo tatu yao hawapati. Kifaa na upasuaji wake Marekani hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Kidonge kinachowafaa wengi hugharimu dola chache kwa mwaka. Usiuze shamba kukitafuta kifaa kabla mgonjwa wako hajamaliza mwaka mzima akimeza kidonge chake bila kuruka siku.

Sasa neva yenyewe. Neva ya vagasi hutoka chini ya ubongo, hushuka shingoni sambamba na mishipa mikubwa ya damu, hufika kwenye koo, moyo, mapafu na tumbo. Jina lake kwa Kilatini maana yake ni mzururaji. Watu hudhani kazi yake ni kupeleka amri chini tu, lakini nyuzi zake nyingi, takriban asilimia 80, hupeleka habari juu, kutoka viungoni kwenda ubongoni. Hapo ndipo siri ilipo: ukiigusa shingoni kwa umeme mdogo, habari hupanda zenyewe. Hakuna anayefungua fuvu la kichwa, na hakuna kifaa kinachosoma mawazo ya mtu, ingawa hilo nalo nimelisikia.

Katika miaka ya 1880 daktari James Corning wa New York alijaribu umeme shingoni mwa wagonjwa wa kifafa, akiamini kwamba mashambulizi huletwa na damu kuzidi ubongoni. Nadharia yake ilikuwa ya makosa, na jambo likasahauliwa kwa karibu miaka 100. Katika miaka ya 1980 mwanafiziolojia Jacob Zabara wa Philadelphia alionyesha kwa mbwa kwamba kuichochea vagasi huzima mtukutiko. Mwanadamu wa kwanza aliwekewa kifaa mwaka 1988 huko North Carolina, na mwaka 1997 Marekani ikakiidhinisha kwa matumizi ya kawaida.

Upasuaji wenyewe ni wa saa moja au mbili. Betri yenye ukubwa unaokaribia saa ya mkononi isiyo na mkanda huwekwa chini ya ngozi, upande wa kushoto, chini ya mtulinga. Waya hupitishwa chini ya ngozi hadi shingoni na kuzungushwa kwenye neva ya kushoto, kwa sababu ya kulia ina mkono mkubwa zaidi katika mwendo wa moyo. Wiki kama mbili baadaye kifaa huwashwa kwa nguvu ndogo, miliampia 0.25, kisha huongezwa kidogo kidogo kila mgonjwa anaporudi kliniki. Mpangilio wa kawaida ni sekunde 30 za kuchochea, dakika 5 za kupumzika, usiku na mchana. Piga hesabu: ni zaidi ya mara 260 kwa siku.

Tawi moja la neva hii huendesha nyuzi za sauti. Kwa hiyo kifaa kinapofanya kazi, sauti hukwaruza. Nilipanga kulipita hili kwa sentensi moja, lakini siwezi, kwa sababu ya binti mmoja.

Alikuwa na miaka 22, mzaliwa wa familia ya Kikongo iliyokaa kambini Kigoma kabla ya kuhamia Marekani, na kwaya nzima ilimtegemea katika sauti ya kwanza. Miezi miwili baada ya kuwekewa kifaa, mama yake mdogo alimleta kwangu akiwa amemshika mkono kwa nguvu. "Dada, huyu anayeongea si mtoto wetu. Sauti inageuka, inakuwa ya mtu mwingine, halafu inarudi." Wazee wa maombi walikuwa wameshaitwa. Walimwekea mikono, wakakemea, na baada ya nusu dakika sauti ikarudi. Wakasema pepo limetii. Lilipotokea tena, wakakemea tena, nalo likatii tena. Wakamfungisha binti siku tatu bila chakula na bila vidonge, na katika siku hizo alianguka mara nne.

Niliweka simu yangu mezani, saa ikionekana, nikamwomba binti ahesabu kwa sauti kuanzia moja. Alipofika 41 sauti ikawa nzito, yenye mikwaruzo. Mama mdogo akashtuka. Nikamwonyesha sekunde: 30 kamili, sauti ikarudi. Tukangoja. Dakika 5 zikapita, sauti ikageuka tena. Nikamkabidhi mama yule sumaku ya kifaa, ambayo hukisimamisha ikishikiliwa juu yake, nikamwambia aishikilie juu ya kifua cha binti. Dakika 5, 6, 7. Sauti haikugeuka. Alipoiondoa, kifaa kikarudi kwenye kazi yake, na baadaye sauti ikakwaruza kama mwanzo. Mama mdogo alikaa kimya, kisha akalia, kwa sababu ya zile siku tatu.

Pepo halifuati saa ya kliniki, wala halizimwi kwa sumaku. Nasema hivi kwa watu wa dini zote, nami ni mtu wa dini: ombeeni wagonjwa wenu, lakini msiwanyime dawa. Na kwa kuwa tuko kwenye imani za watu: povu la mgonjwa haliambukizi. Na kijiko hakitiwi mdomoni wakati wa shambulio, huvunja meno.

Yule binti tulimpunguzia upana wa pigo la umeme, kutoka mikrosekunde 500 hadi 250, na mikwaruzo ikapungua sana. Akifika zamu ya kuimba peke yake hubandika sumaku juu ya kifaa kwa plasta, huimba, kisha huibandua mara moja. Kwa dakika hizo kifaa hakimsaidii, kwa hiyo dada yake husimama karibu naye.

Sumaku hiyo hiyo ina kazi ya pili, na hapa familia nyingi hukosea. Shambulio likianza, pitisha sumaku juu ya kifaa kwa sekunde moja, kisha iondoe. Kifaa kitatoa msukumo wa ziada, ambao mara nyingine hukata shambulio au kulifupisha. Ukiiacha kifuani umekizima. Mlaze kwa ubavu, tazama saa, na shambulio likizidi dakika 5 ita msaada.

Mengine ni mafupi. Kabla ya kipimo cha MRI mwambie mtaalamu, kifaa kizimwe kwanza. Matibabu ya joto la mawimbi kwa wenye maumivu ya mgongo ni marufuku kabisa kwa mwenye kifaa, kwani waya huweza kuunguza neva. Mwenye kifaa anayekoroma na kukata pumzi usingizini apimwe. Betri ikiisha baada ya miaka kadhaa, hubadilishwa kwa upasuaji mdogo.

Na matarajio yawe ya kweli. Baada ya miaka miwili hivi, karibu nusu ya waliowekewa hupunguziwa mashambulizi kwa nusu au zaidi. Wanaoachana nayo kabisa hawafiki mmoja kati ya kumi. Binti wa kwaya aliandika kila anguko katika daftari la shule: tarehe, saa, muda. Ukurasa wa kwanza una mistari 14 kwa mwezi. Ukurasa wa mwezi wa 26 una mitano. Bado anameza vidonge asubuhi na jioni, na sumaku inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, mahali ambapo hata mdogo wake wa miaka minane anaifikia. Iweke hivyo kwako pia.