Waliouawa Kanungu Hawajapewa Majina

Asafiriye kutoka Omurushaka kupitia Nkwenda hadi Murongo, akivuka mto Kagera, yumo Uganda. Mbele zaidi, upande wa magharibi, ndiko Kanungu, ambako tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea kanisani. Kwanza ilisemwa wamejiua. Katika majuma yaliyofuata mashimo ya maiti yalifumuliwa Rugazi, Rutoma na Buziga: wengine walikuwa wamenyongwa, wengine wamechomwa visu.

Mwenendo wa viongozi nao ni ushahidi. Waliwauzisha wafuasi mali zao na kutabiri kuwa dunia ingekwisha ifikapo mwaka 2000. Haikwisha, wafuasi wakaanza kudai mali zao.

Lakini maiti zilifukuliwa na wafungwa, si mabingwa, zikazikwa tena upesi, nyingi bila majina. Hilo, twasema wazi, lilikuwa kosa kubwa. Kule Shakahola, Kenya, mwaka 2023, madaktari wa maiti walisimamia ufukuaji wa miili zaidi ya 400, na jamaa wakapimwa vinasaba.

Hakuna kiongozi wa Kanungu aliyefikishwa mahakamani. Hata hivyo jino moja lililozikwa miaka ishirini na zaidi laweza bado kumtaja mwenyewe, maadamu nduguye yu hai wa kupimwa naye.