Kukaa na Mungu Siku za Kazi

Watu wengi hufikiri kwamba Mungu anakaa kanisani tu. Siku ya Bwana wanakwenda kumwamkia, wanaimba, wanapiga magoti. Kisha wanatoka, na Mungu wanamwacha kule nyuma ya mlango mpaka juma lijalo. Lakini marafiki hawakai hivyo. Mtu na rafiki yake husemezana njiani, shambani, hata wakati wa kubeba mzigo. Wasiposemezana siku nyingi, urafiki wao hupoa kama moto usiotiwa kuni.

Katika nchi ya Kongo aliishi kijana mmoja aliyeufahamu urafiki huo. Jina lake ni Isidore Bakanja, mtu wa kabila la Boangi, upande wa Équateur. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Bakanja hakuwa padri wala mfratri. Alikuwa mfanyakazi. Alikwenda Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville, akapata kazi ya kuwasaidia waashi. Huko aliwakuta mapadri Watrapisti, akafundishwa dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Akavaa skapulari, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyounganishwa kwa uzi, kimoja kifuani na kingine mgongoni. Anayeivaa anaonyesha kwamba amejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria.

Baadaye Bakanja aliuacha mji, akaenda mbali kutafuta kazi, hata akafika Ikili, mahali pa kampuni moja ya Wazungu. Hapo hapakuwa na kanisa. Hapakuwa na padri wala katekista. Mkristo anayekaa misioni huamshwa na kengele: kengele inalia, naye anasali. Ikili hapakuwa na kengele ya kumkumbusha mtu sala zake. Wengi, wakiwa mahali kama hapo, humsahau Mungu polepole, bila hata kujua.

Bakanja hakumsahau. Alifanyaje? Alifanya mambo madogo tu, lakini aliyafanya kila siku. Alisali asubuhi na jioni. Alishika rozari yake. Wenzake walipotaka kujua, aliwafundisha sala zile alizofundishwa yeye mwenyewe. Wala hakuacha kazi ili asali, maana sala haihitaji mikono. Mama anayetwanga sombe anaweza kumwambia Mungu neno moja moyoni, na mchi hausimami. Mtoto anayetoka mtoni na maji kichwani anaweza kumshukuru Mungu, na maji hayamwagiki. Afadhali neno fupi lenye moyo kuliko sala ndefu inayosomwa huku macho yanatazama nje.

Mkubwa wa mahali pale alikuwa Mbelgiji, jina lake Van Cauter. Hakutaka mambo ya dini katika kazi yake. Alimkataza Bakanja kuwafundisha wenzake sala, kisha akamwamuru avue skapulari. Bakanja alifanya kazi zake vema, lakini skapulari hakuivua. Basi mwanzoni mwa mwaka 1909 Van Cauter aliagiza apigwe. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, yenye misumari, na mapigo yalipita mia moja. Mgongo wote ukawa kidonda kimoja.

Hapo mtu atauliza: Kama Mungu alikuwa rafiki yake, mbona hakuizuia fimbo ile? Swali hilo ni la haki. Urafiki na Mungu si dawa ya kufukuza mateso, na anayeahidi hivyo anawadanganya watu. Yezu mwenyewe, Mwana wa Mungu, alipigwa mijeledi kabla ya kusulibiwa. Lakini anayekaa na Mungu hateseki peke yake. Hata akilala sakafuni, hata watu wote wakiondoka, yuko mmoja wa kusema naye.

Mkaguzi wa kampuni alipofika na kuona vidonda vile, alishtuka, akamwondoa Bakanja ili atunzwe. Lakini vidonda vilikuwa vimekwisha kuoza, havikupona. Aliugua miezi mingi. Waliomtembelea walimkuta akisali.

Mwezi wa Julai mapadri wawili walifika kwake. Wakamwungamisha, wakampa Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Wakamwomba pia amsamehe yule aliyempiga. Katika mambo yote ya dini, hili pengine ni gumu kuliko mengine. Kumwita Mungu rafiki ni rahisi. Lakini Mungu anampenda hata adui, na anayekaa karibu naye atakutana na adui huyo katika sala. Tena ni vigumu kuendelea kumchukia mtu ambaye unamtaja mbele ya Mungu.

Bakanja aliwajibu mapadri kwamba hana chuki na Mzungu yule. Akasema kwamba atakapofika mbinguni atamwombea sana.

Akaishi bado majuma matatu. Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alikufa, rozari mkononi na skapulari shingoni.