Neno Lisilo na Ndugu

Nilipokuwa na miaka tisa, mama alinituma dukani na kipande cha karatasi. Nikarudi na chumvi, kiberiti na uzi mweupe wa cherehani. Mama akautazama uzi, akanitazama mimi, akaichukua ile karatasi na kuisoma kwa sauti: chumvi, kiberiti, nazi. Muuza duka alikuwa amesoma "uzi". Simlaumu sana. Mama alikuwa na n iliyopinduka ikafanana na u, na a yake siku hiyo ilijikunyata ikawa kama nukta tu ya wino. Wali tuliula mkavu.

Wekeni kisa hicho mfukoni, wanangu. Tutakihitaji mbele ya safari.

Leo nataka niwapeleke kwenye neno moja ambalo Wakristo hulisali kila siku, na ambalo hakuna mtu aliye hai anayeweza kuapa kwamba analijua barabara. Limo ndani ya Sala ya Bwana, Mathayo sura ya 6, mstari wa 11, pale tunapomwomba Baba chakula. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na kwa Kigiriki mstari huo una maneno manane tu. Ukiyahesabu kwa vidole, unabakiwa na viwili.

Saba kati ya hayo manane hayasumbui. Lipo *arton*, mkate, nalo linatangulia mbele kabisa, kama mtoto mwenye njaa anayetaja chakula kabla hajakumbuka kusema "naomba". Lipo *dos*, yaani "toa" au "tupe". Lipo *semeron*, "leo". Na katikati yao amekaa mgeni: *epiousion*. Likiwa peke yake, kwa umbo la kamusi, huandikwa *epiousios*, na hutamkwa karibu na "epiusios". Linaeleza ule mkate ni mkate gani. Wetu, ndiyo, lakini wa namna gani?

Hapo ndipo penye mwiba.

Mnajua jinsi tunavyojifunza neno tusilolijua. Ukisoma hadithi ya pwani ukakuta mtu ameweka taa kishubakani, hujui kishubaka ni nini. Ukurasa wa pili unakuta kimo ukutani. Ukimuuliza bibi, anakwambia ni kile kitundu kilichochongwa ndani ya ukuta, kisichotokea upande wa pili, watu waweke vitu vyao. Neno tunalijua kwa ndugu zake, kwa sentensi nyingine lilizokaa. Wanafunzi wa Kigiriki hufanya hivyohivyo: wanalitafuta neno katika tenzi za Wagiriki, katika hotuba zao, katika barua za wafanyabiashara, hata kwenye risiti za kodi, wanalinganisha, kisha wanasema maana yake hii.

Sasa, *epiousios* halina ndugu. Liko Mathayo, na liko Luka sura ya 11 mstari wa 3, ambako ni sala ileile. Liko pia katika kitabu kidogo cha Wakristo wa kale kiitwacho Didake, ambako ni sala ileile tena. Nje ya sala hiyo, na ya watu wanaoizungumzia sala hiyo, kimya.

Msidhani ni sisi tu wa leo tuliopotea kwa sababu ya umbali. Kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Origenes, aliyekulia Aleksandria ya Misri karibu miaka 1,800 iliyopita. Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kila siku, na vitabu alivisoma kuliko sisi sote hapa tukijumlishwa. Katika kitabu chake kuhusu sala alisema kwamba neno hili hajalikuta kwa wenye elimu, wala halimo vinywani mwa watu wa kawaida. Aliona kama waandishi wa Injili walilibuni wenyewe. Mgiriki mwenyewe anakwambia Kigiriki hiki sikijui!

Na kwa nini walibuni? Kumbukeni kwamba Yesu alifundisha kwa Kiaramu. Maana yake ni kwamba *epiousios* tayari ni tafsiri. Mtu fulani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alisikia neno la Kiaramu, akatafuta la Kigiriki la kulibeba, akakosa, akaunda lake. Lile la Kiaramu hakuliandika popote. Huwa namfikiria sana mtu huyo. Angetuachia neno moja tu pembeni ya ukurasa!

Basi wasomi wamefanya lile linalobaki: kulikata neno vipande. Hata hapo kuna mtego, maana neno hutegemea unalikata wapi. Mfano tunao wenyewe. Mathayo sura ya 25 ina wanawali kumi. Ukiliandika neno hilo likiwa moja, ni mabinti. Ukilikata katikati, "wana wali", ni watu wenye chakula. Herufi ni zilezile kabisa, ila mkato mmoja umekutoa arusini ukakupeleka jikoni.

*Epiousios* nalo huanza na *epi*, kijineno chenye kazi nyingi: juu ya, kwa ajili ya, kuelekea. Ubishi ni juu ya kinachofuata. Origenes na wengi baada yake waliona *ousia*, yaani kuwapo, uhai, kiini cha kitu. Kwa mkato huo unapata mkate wa kututosha tuishi, au, kwa waliopenda kupaa juu zaidi, mkate unaopita vitu vya dunia hii. Wengine wanaona hapo kitenzi cha kwenda na kuja. Wagiriki walikuwa na msemo *he epiousa*, "ile inayokuja", wakimaanisha siku inayofuata. Huo tunaukuta wazi katika Matendo ya Mitume 16:11: Paulo na wenzake wanatweka tanga kutoka Troa, wanafika Samothrake, na *epiousa*, yaani kesho yake, wanafika Neapoli. Kwa mkato huu ni mkate wa siku inayokuja.

Kuna jambo dogo la sarufi linalonifanya niegemee upande wa mabaharia. Kwa kawaida *epi* inapokutana na neno linaloanza kwa irabu, humeza i yake. Ikiungana na *onoma*, "jina", hupati *epionumos*, unapata *eponumos*. Kwa kanuni hiyo, *epi* na *ousia* vingezaa *epousios*, bila i. Lakini i ipo, imesimama imara, na katika kitenzi cha kuja i hiyo ni yake tangu mwanzo. Siwaambii kesi imekwisha. Wagiriki nao walikuwa na maneno yanayovunja kanuni zao, kama sisi. Nasema tu mimi ningeweka shilingi yangu wapi.

Yupo pia shahidi mwingine. Jeromu, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alieleza kwamba katika Injili moja iliyotumiwa na Wakristo wa Kiebrania alikuta mahali hapo neno *mahar*. Maana yake ni kesho.

Naona mkono wa mtu umeinuka. Najua utauliza nini. Sura hiyohiyo ya 6, mstari wa 34, si inatukataza kuisumbukia kesho? Inakuwaje basi tuombe leo mkate wa kesho?

Swali zuri, na jibu lake sikulipata kwenye kamusi. Nililipata kwa kuwafikiria vibarua. Mnajua neno hilo lilitoka wapi? Kibarua ni barua ndogo: kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, kinachoonyesha siku alizofanya kazi. Watu wengi waliomsikiliza Yesu waliishi maisha ya namna hiyo. Mathayo sura ya 20 inawaonyesha wamesimama sokoni tangu asubuhi wakingoja mwenye shamba la mizabibu aje awachukue. Jioni ikifika, kila mmoja anapewa dinari yake. Sheria ya Musa, Kumbukumbu la Torati 24:15, ilimwamuru tajiri amlipe mtu wake kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na roho yake yote iko kwenye ule ujira. Hayo ndiyo maisha ambayo Waswahili huyaita kijungujiko. Kinachopatikana kinaishia chunguni.

Kwa mtu huyo, unga wa kesho si akiba. Ndio unaomfanya apate usingizi leo. Akilala ndani mna unga, atakula asubuhi, atapata nguvu za kwenda kusimama tena sokoni. Akilala bila unga, hapo ndipo kuisumbukia kesho kunapoanza, macho yakiwa darini. Ombi na katazo, nionavyo, vinalala kitanda kimoja. Tena jangwani, katika Kutoka sura ya 16, mana iliyobakizwa mpaka asubuhi iliingia funza, isipokuwa siku ya sita: siku hiyo watu waliokota maradufu, chakula cha kesho kikatolewa leo, wapate kupumzika Sabato.

Tuwaangalie basi watafsiri, maana wao hawana nafasi ya kusema "sijui". Ukurasa unadai neno. Jeromu mwenyewe, huko Roma katika miaka ya 380, alikutana na *epiousios* mara mbili. Kwenye Luka aliandika *quotidianum*, "wa kila siku". Kwenye Mathayo, neno lilelile, akaandika *supersubstantialem*, "upitao kiini cha vitu vyote". Mtu mmoja, neno moja, majibu mawili! Wapo wanaomcheka. Mimi namheshimu, kwa sababu shaka yake aliiacha mahali tunapoiona. Washami walichagua mkate wa mahitaji yetu. Wakopti wa Misri walielekea kwenye mkate ujao, mkate wa kesho.

Na sisi? Wakatoliki husali kwa Kiswahili mkate wa kila siku, wakifuata njia ya *quotidianum*. Biblia ya Habari Njema inataja chakula, na inaegemea kwenye kuhitaji, karibu na Washami. Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ilifanya jambo la ajabu: hamna mkate, hamna kila siku, hamna kesho. Iliweka neno moja, "riziki".

Hebu nisimame kidogo kwenye riziki, maana neno hili nalipenda. Lilitujia kutoka Kiarabu, *rizq*, likakaa nasi mpaka likawa letu. Mvuvi akitazama dema lake, anatazama riziki. Mama ntilie akimwona mteja wa kwanza, ameona riziki. Ni chakula, lakini ni zaidi ya chakula. Na ndani yake tayari mna wazo kwamba kimetoka kwa Mungu, kinakuja kwa wakati wake, na huwezi kujua kitatokea mlango gani. Mtafsiri aliyeliweka hapo aliuzunguka mwiba wote wa *epiousios* bila kuukanyaga. Werevu mkubwa. Hata hivyo, nina nung'uniko dogo: mkate umepotea. Mathayo alitaja kitu cha kutafuna, kinachonukia kikitoka kwenye tanuri, na mwenye njaa angependa kukisikia kikitajwa.

Sasa toeni ile karatasi ya mama mfukoni.

Mwaka 1889 kilichapishwa kitabu cha mchimbaji wa mambo ya kale, Flinders Petrie, kuhusu alichofukua Hawara, katika eneo la Fayum huko Misri. Kati ya vitu vyake zilikuwamo karatasi za mafunjo zenye maandishi ya Kigiriki. Aliyezisoma ni msomi Mwingereza aitwaye Sayce. Mojawapo ilikuwa orodha ya matumizi ya nyumbani: dengu, mabua makavu, vitu kama hivyo. Kwenye mstari mmoja Sayce akasoma *epiousi*, na mwisho wa neno umekatika.

Hebu fikirini! Miaka zaidi ya 1,600 baada ya Origenes, neno lisilo na ndugu limepata ndugu, tena si hekaluni wala kwa wanafalsafa, bali kwenye orodha ya dukani. Vitabu vya wasomi vikalibeba: labda lilikuwa neno la kawaida kabisa, posho ya siku, kitu ambacho kila mtu jikoni alikijua. Kulikuwa na shida moja. Watu walipotaka kuitazama tena karatasi yenyewe, haikuonekana. Kwa miongo mingi walichokuwa nacho ni maneno ya Sayce tu, na Sayce, kwa kusoma mwandiko, hakuwa na sifa nzuri sana.

Karatasi ikaja kuonekana mwaka 1998, Marekani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale. Watafiti wawili, Nijman na Worp, wakaisoma upya herufi kwa herufi, na mwaka 1999 wakatoa jibu. Haikuwa *epiousi*. Ilikuwa *elaiou*. Andikeni maneno hayo mawili moja chini ya jingine mtazame: e, halafu i, o, u, kwa mpangilio uleule katika yote mawili. Kati ya e na i ndipo mwandiko ulipomponza Sayce.

*Elaiou* ni mafuta. Mtu wa Misri alikuwa ameorodhesha mafuta, hana habari na sala ya mtu yeyote, na kwa miaka mia moja na kumi wasomi wakamsomea mkate wa Mungu.

Ndugu akapotea tena, na *epiousios* limebaki peke yake hadi leo.

Uzi, mama hakuurudisha dukani. Jioni ile, baada ya wali mkavu, aliutia kwenye sindano akashona kifungo cha shati langu la shule, ambacho kilikuwa kimening'inia tangu Jumatatu.