Pua ya Pikapu Si Pambo

Wazee wetu wa pwani walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliisikia tangu ningali chuoni, ubao mapajani, lakini maana yake nimekuja kuiona kwa macho mbali na bahari, huko Mwala katika kaunti ya Machakos. Na aliyenifunza si shehe wala malenga, bali ni fundi wa magari mwenye mikono ya grisi.

Nilikwenda huko kuwazuru wachongaji wa Wamunyu. Msomaji mpenda sanaa huenda akakumbuka kwamba Mutisya Munge, mwenyeji wa huko, ndiye aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kwao, ukawa riziki ya watu wengi. Mpwa wangu alinichukua kwa pikapu yake ya dizeli, kwani naye hufuata pojo na maembe pande hizo na kuyaleta Mombasa.

Nasema pikapu yake, lakini kwa hakika ni ya mamake. Dadangu ni mjane. Aliuza dhahabu zake za arusi ili mwanawe apate kazi ya halali. Kwa hivyo kila msumari wa gari lile ni amana.

Miezi sita kabla ya safari hiyo, kijana aliambiwa na muuzaji mmoja wa vipuri kuwa injini yake "imezibwa pua". Akang'oa sanduku la chujio la hewa lililotoka na gari kiwandani, akatia bomba linalong'aa lenye chujio jekundu mfano wa pia, likiwa wazi chini ya boneti. "Mjomba, hebu sikiza inavyovuta pumzi!" aliniambia siku ile kwa furaha. Nikasikiza. Ikavuma kama siwa. Nami, nijuaye mizani ya shairi na nisiyejua ya injini, nikamsifu. Hapo nami nilikosea.

Tulipokuwa tukipanda kilima upande wa Kibauni, na magunia kumi ya pojo nyuma, siwa ilizidi kulia lakini gari halikwenda. Moshi wa rangi ya samawati ukatoka nyuma. Tulijikokota hadi gereji moja huko Makutano ma Mwala.

Fundi alifungua bomba lile upande wa ndani, pale ambapo hewa imekwisha kuchujwa, akapitisha kidole. Kikatoka chekundu.

"Mzee, tazama," akaniambia. "Huu ni udongo wa Mwala. Umepita chujio, na sasa unasaga injini."

Nilimwomba anifafanulie, naye hakuwa mchoyo wa ilimu. Injini ya petroli, alisema, huongozwa kwa kipimo cha hewa. Ukikanyaga, unafungua mlango wa hewa. Ya dizeli, hasa hizi kuukuu, huongozwa kwa kipimo cha mafuta. Hewa huivuta tele wakati wote, zaidi ya inayohitaji kuunguza mafuta yale. Basi ukiiongezea njia ya hewa pasipo kuongeza mafuta, ni kama kumwongezea maji mtu ambaye kata yake imekwisha kujaa. Sanduku la kiwandani, likiwa na chujio safi, halizibi kitu.

Ama ule mvumo, ni sauti tu. Sanduku lile pia hupunguza kelele. Ukiling'oa, husikii nguvu mpya, wasikia pumzi ileile isiyofunikwa.

Kisha kuna joto. Chujio lililo wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 20 kwa karibu sehemu 9 katika 100. Aliyelipia hewa zaidi akapata pungufu!

Lakini kubwa ni vumbi. Injini ya lita 2.5 isiyo na tabo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta hewa inayokaribia lita 3,700 katika dakika hiyo moja. Tafakari, msomaji, njia za udongo za Mwala wakati wa kiangazi. Mengi ya machujio haya ya pamba iliyotiwa mafuta hupitisha vumbi kuliko yale ya karatasi. Vumbi ni mchanga, na mchanga hula ringi na silinda. Ringi zikilika, mgandamizo hupotea na oili huungua. Ndio ule moshi wa samawati. Penye tabo, mapanga yake yanayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika hulika pia.

Sitaki kudhulumu. Fundi alikiri kuwa injini iliyoongezwa mafuta na tabo kubwa huweza kuhitaji njia pana zaidi. Na snokeli, lile bomba lipandalo hadi paani, lina faida penye maji na vumbi. Hata magari ya Safari Rally ya miaka ya karibuni yameonekana nayo huko Naivasha. Ila hiyo ni kinga, si nguvu. Kwa pikapu ya kubeba pojo, dawa ni kubadilisha chujio la kawaida kwa wakati wake.

Kesho yake, Wamunyu, nilimtazama mchongaji akimalizia pua ya kinyago. Pua nzuri ajabu, lakini haivuti pumzi wala haitakiwi kuvuta. Nikamtazama mpwa wangu, naye akainamisha uso.

Injini sasa yataka ringi mpya. Lile sanduku la zamani tulilikuta uani Mombasa, limetiwa makaa. Dadangu aliuliza tu, "Kaka, gari lina nini?" Nikamweleza yote, pamoja na sehemu yangu katika kosa, na gharama tutagawana. Kijana nimempa ubeti huu:

Mwanangu nakupa hoja, lishike nalokweleza,
Pua kazi yake moja, hewa safi kuingiza,
Vumbi na moto vikija, chombo utakiunguza,
Kelele hazitaweza, kuvuta gunia kumi.