Kurudia mtihani si aibu, kuchanganya vyeti ni hatari

Juzi baada ya Alasiri, binti wa jirani alinijia barazani na vyeti viwili vya kidato cha nne. Cha kwanza kina wastani wa C, lakini Biolojia amepata B. Hakuridhika, akarudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Cha pili kina C+, ila Biolojia imeshuka hadi C. Anataka shahada ya uuguzi.

"Ami," akaniuliza, "si nichukue C+ ya huku na Biolojia ya kule?"

Swali hili naulizwa kila mwaka, kwa hivyo nalijibu hapa.

Wastani wa KCSE hutokana na masomo saba ya mwaka mmoja. Kila ukifanya mtihani wapewa nambari yako ya mtihani, na matokeo yako husimama peke yake. Anayerudia Biolojia pekee atapata alama ya Biolojia, lakini hatapata wastani. Na cheti cha pili hakifuti cha kwanza. Vyote ni vyako, ila huwezi kukata kipande cha hiki ukashonea kile.

Ukiomba nafasi kupitia KUCCPS, waandika nambari ya mtihani na mwaka, nayo mitambo yao huleta alama kutoka Baraza la Mitihani. Hapo hapana nafasi ya kuchagua alama. Utachagua mwaka tu.

Mtihani wa uaminifu huja kwenye fomu unazojaza kwa mkono wako, kama za vyuo vya kibinafsi au vya ng'ambo. Uingereza, kwa mfano, fomu ya UCAS yataka matokeo yote, hata ya mtihani uliofeli au unaorudia. Ukiulizwa kama umewahi kufanya mtihani kabla, jibu ndiyo, uandike miaka yote miwili. Aliyerudia akapanda daraja ana la kujivunia. Aliyeficha, siku akijulikana, hata alama zake za haki hutiliwa shaka.

Wala usidhani mambo haya husahaulika. Mwaka 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa zaidi ya watu 2,000 walikutwa na vyeti ghushi katika taasisi za umma. Wengine walikuwa washaajiriwa, wana wake na watoto. Njia ya mwongo ni fupi.

Mimi mwenyewe nilipata C na sikurudia, kwa kuona haya kuketi na waliokuwa nyuma yangu. Nikaingia stashahada, na ndiyo inayonilisha hadi leo. Sijutii stashahada. Naijutia ile haya.

Kwa hivyo binti yangu nilimwambia hivi: shahada yataka C+, basi tumia cheti cha pili, na usome masharti ya kila chuo kuhusu Biolojia kabla ya kuchagua. Ikikataa, stashahada ya uuguzi katika KMTC huanzia wastani wa C, na cheti cha kwanza chenye ile B kitamtosha kuomba. Akimaliza, aweza kuendelea hadi shahada.

Alinyamaza kidogo, kisha akakirudisha cheti kimoja kwenye bahasha.

Wazazi, tusiwafanye watoto waone kurudia ni fedheha. Kuteleza si kuanguka.