Washika Bunduki na moshi wa baruti uliofika hadi Ikoma

TARIME. Siku Arsenal inapocheza, vibanda umiza vya Tarime Mjini, Sirari, Nyamongo na Mugumu vinafurika. Jezi nyekundu kila kona, bodaboda wanaegesha ili waambulie angalau kipindi cha pili, na likiingia bao utasikia "Washika Bunduki!" hadi barabarani.

Jina hilo halikutungwa kijiweni. Lina harufu ya baruti ya kweli, ile nyeusi ya kizamani, na baruti hiyo ina historia yake hapa hapa mkoani Mara.

WALITOKA KARAKANANI

Arsenal ilianzishwa 1886 huko Woolwich, London, na wafanyakazi wa Royal Arsenal, kiwanda cha silaha cha serikali ya Uingereza. Jamaa walichangishana hela ya mpira, wakajiita Dial Square, na Desemba 11 mwaka huo wakaichapa Eastern Wanderers mabao 6-0 katika mechi yao ya kwanza. Jezi nyekundu walisaidiwa na Nottingham Forest.

Kiwanda hicho ndicho kilichotengeneza risasi za Martini-Henry, bunduki iliyoingia katika jeshi la Uingereza 1871. Ganda moja lilibeba takribani gramu 5.5 za baruti nyeusi na kichwa cha gramu 31. Kichwa kilizungushiwa karatasi, na nyuma yake ikawekwa nta ya nyuki ya kulainisha mtutu.

Mwaka ule ule wa 1886, Ufaransa ikatoka na Lebel, bunduki ya baruti isiyo na moshi mzito. Ghafla silaha zote za zamani zikawa kama beki mzee anayemkaba winga wa miaka 19. Nyingi zikaishia makoloni.

MOSHI UNAKUCHOMA

Wajerumani walijenga ngome Ikoma, wilaya ya Serengeti ya leo. Vita Kuu ilipoanza 1914, askari wengi wa Kiafrika waliokuwa jeshi la Wajerumani bado walishika Mauser ya 1871, milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja tu, wingu jeupe linasimama mbele yako na adui anajua ulipo. Ni sawa na mpiga penalti kumwonyesha kipa kona atakayopiga.

Ndiyo maana waliposhinda vita ya Tanga, Novemba 1914, mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza zilikuwa ushindi wa pili. Zilitosha kuzibadilishia silaha kombania tatu.

KUJAZA HAKUBAHATISHWI

Leo wapo wanaopiga bunduki hizo kama mchezo, kwa mfano kwenye viwanja vya shabaha vya Bisley, Uingereza. Wanajaza risasi wenyewe, na anayeanza hupitishwa hatua kwa hatua kama mtoto wa akademi.

Kwanza fundi anaikagua bunduki, maana chuma cha miaka 150 kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Ganda linasafishwa, linawekewa fataki mpya, kisha baruti inapimwa kwa kipimo cha bunduki ile. Hapo kuna sheria mbili zisizo na mjadala. Usiache nafasi ya hewa kati ya baruti na kichwa cha risasi, na usiweke kamwe baruti ya kisasa kwenye bunduki isiyotengenezwa kwa ajili yake. Nguvu yake inaweza kuupasua mtutu usoni mwa mpigaji.

Mechi ikiisha, mtutu unasafishwa siku hiyo hiyo, mara nyingi kwa maji ya moto. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kutu haisubiri.

HUKU KUNA GOBORE

Tarime na Serengeti baruti nyeusi haijulikani kama mchezo. Inajulikana kwa gobore, bunduki inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu, ambayo nyingine hutengenezwa kienyeji kwa bomba la chuma. Katika wilaya zilizopitia wizi wa mifugo, mapigano ya koo na ujangili, silaha hiyo imeacha majeraha.

Kijana anayeanza kujaza gobore hana fundi wa kumkagulia mtutu, hana kipimo wala kocha wa kumwambia simama. Anakadiria kwa kiganja. Bomba likipasuka, vidole na macho yake ndivyo vinavyolipa.

Akipona, anakutana na sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa kumiliki silaha na kwa kutengeneza risasi. Kurithi gobore la babu si kibali.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Mwenye gobore darini asisubiri lipasuke. Aulize kituo cha polisi utaratibu wa kulisalimisha, halafu abaki Mshika Bunduki wa jezi tu.