Mimweko ya Iridium na Wale Walioingojea

Setilaiti haina nuru yake yenyewe. Huonekana usiku kwa kuwa, ikiwa mamia ya kilomita juu, bado inapigwa na jua ambalo kwa mtazamaji aliye ardhini limekwisha kuzama, na ndiyo maana saa za kuitazama ni zile zinazofuata magharibi na zinazotangulia mapambazuko. Nyingi hupita kama nyota hafifu zinazotembea. Lakini kwa takriban miaka 20, watazamaji wa ridhaa, yaani wanaochunguza anga kwa mapenzi tu bila ujira, walibahatika kuona jambo kubwa zaidi.

Setilaiti za Iridium, zilizoanza kurushwa mwaka 1997 kwa ajili ya mawasiliano ya simu, zilizunguka Dunia katika kimo cha kilomita 780 hivi, kila moja ikiwa na antena 3 bapa, zenye ukubwa unaokaribia ule wa mlango na uso unaong'aa kama kioo. Kwa kuwa setilaiti hizo hazikubadili mkao wao kuelekea Dunia, ilitokea mara kwa mara kwamba antena moja ikarudisha miale ya jua moja kwa moja hadi ardhini, na nukta iliyokuwa hafifu ikawaka kwa sekunde kadhaa, pengine kwa ukali unaozidi mara 20 ule wa Zuhura, kisha ikafifia. Huo ndio ulioitwa mmweko. Uzuri wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa katika hesabu: njia na mkao wa setilaiti vilijulikana, hivyo mtu aliweza kuambiwa sekunde ya kutazama na upande wa anga, akatoka nje, akangoja, na mwanga ukafika kwa miadi. Kwa vijana wengi hilo lilikuwa somo la jiometria lisilosahaulika.

Kati ya 2017 na 2019 zilirushwa Iridium mpya zisizo na antena za aina hiyo, na za zamani nyingi zikashushwa zikaungua katika angahewa. Hasara hiyo ni ya kweli, wala wingi wa setilaiti za leo haujaifidia.

Kituo cha Kimataifa cha Anga bado kinapita juu ya Afrika Mashariki, kikiizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi. Msomaji na atafute saa ya kupita kwake, atoke nje na watoto, atazame kwa macho matupu.